Wauza mafuta ya gobore wanatuibia mchana kweupe!!

Wakuu, leo nimevurugwa, sibembelezi mtu.

Niko Pennsylvania. Huku baada tu ya Krismasi unafunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore ya gumegume (yanawasha baruti kwa cheche za jiwe), ndiyo maana tunahangaika kushindilia kupitia mdomo wa mtutu kama mababu, na viraka, yaani vitambaa vya kupakwa mafuta vinavyozungushiwa risasi. Nikaingia duka moja, nikauziwa kopo la mafuta ya viraka, limeandikwa "asilia" kwa herufi kubwa. Ndani kuna nini? Hawajaandika. Muuzaji ananiambia eti mafuta ni mafuta tu.

Mafuta ni mafuta tu?! Risasi chache, mdeki (ule ufito wa kushindilia) ukagoma katikati ya kasiba, ndani ya mtutu. Nikapitisha kitambaa cha maji, kikatoka na uchafu mweusi unaonata kama lami. Na mjue risasi ikikwama kabla haijakaa juu ya baruti, ukafyatua, mtutu unaweza kukupasukia usoni.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki masizi na chumvichumvi zinazovuta unyevu. Shahamu ya kondoo, nta ya nyuki, hata mafuta ya zeituni, vinaulainisha huo uchafu. Oili zinazotokana na petroliamu zikichanganyika nao kwenye joto zinaugandisha. Haya yanajulikana miaka nenda rudi, halafu mtu anapakia oili, anabandika neno "asilia", anakula hela!

Viraka vyao ndiyo kichekesho. Eti pamba tupu. Nimeviokota hatua chache mbele ya mtutu: katikati tundu, kingo zimeyeyuka zimekuwa vishanga vigumu. Pamba inaungua, haiyeyuki! Hiyo ni polyesta. Kwa kasiba ya inchi .50 na risasi ya inchi .490 nataka pamba iliyofumwa kwa kubana, unene wa inchi .015 hadi .018, siyo mabaki ya shuka za hoteli.

Na wengine nguruwe hatumgusi, na kiraka mara nyingi unakishika kwa meno. India mwaka 1857 askari waliikataa mitondoo (vifuko vya karatasi vya baruti na risasi) ya bunduki za Enfield kwa sababu walisikia imepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, na walitakiwa kuing'ata. Ukawaka uasi mzima. Leo bado mnaficha viambato?

Nyie wa "tumia mate tu kulowesha kiraka", kaeni kimya. Mate ni ya shabaha za uwanjani, unashindilia unapiga. Porini bunduki inakaa imeshindiliwa saa nyingi. Mate yanakauka, kutu inaanza.

Nachemsha mwenyewe shahamu na nta, na kwa baridi ya Desemba nta naipunguza, isije ikakaza mdeki.

Hela yangu wamegoma kurudisha, eti kopo limeshafunguliwa. Sasa kama hamjaandika kilichomo, ningejuaje bila kulifungua?