Naombeni ushauri: mkwe anauliza kwetu ni wapi, nashindwa kumjibu

Mtoto wa Rangi Tatu: Wakuu habari za jioni. Nina miaka 29, nimezaliwa na kukulia Mbagala. Baba Mchaga wa Rombo, mama Mmakonde wa Newala. Kichaga sijui, Kimakonde nakisikia tu bibi akigomba. Nataka kuoa binti wa Kichaga wa Machame, wazazi wake wanaishi Kimara. Mzee wake kaniuliza, "Kijana, kwenu wapi?" Nikasema Mbagala. Akasema, "Hapo ndipo mnapokaa. Mimi nauliza kwenu." Tangu siku hiyo usingizi sipati. Mtu kama mimi ajitambulishe kabila gani? Jumamosi ndiyo tunakwenda kujitambulisha.

Mzee Sensa: Kijana wangu, sensa ya mwisho kuuliza kabila nchi hii ni ya 1967. Machifu walikuwa wameshaondolewa tangu 1963. Haya yalifanywa makusudi ili kijana kama wewe asisumbuliwe. Mwambie wewe ni Mtanzania, basi.

Mama Shani: Mzee wangu, karani wa sensa haozeshi! Mimi mama Mzaramo, baba Mnyamwezi, nimekulia Buguruni. Unyamwezi wangu sikuujua mpaka baba alipofariki. Ndugu wakashuka kutoka Tabora, shangazi nisiyewahi kumwona akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akasema, "Pua ya mama yetu hii." Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Watani nao wakazuia jeneza mlangoni mpaka walipopewa hela. Siku ile ndiyo nilijua nina watu.

Mpare wa Same: Hao Wachaga watani zangu! Mdogo wangu, peleka ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na kreti za bia, kufika saa kumi jioni umeshakuwa Mchaga.

Dada Kimara: Mbona baba yako hasemi kitu? Yuko wapi?

Mtoto wa Rangi Tatu: Alifariki nikiwa darasa la pili.

Dada Kimara: Pole. Na ndugu zake? Nani anakupeleka Jumamosi?

Mtoto wa Rangi Tatu: Baba hakumtolea mama mahari. Rombo sijawahi kufika, hawanijui. Kuna fundi cherehani hapa mtaani, Mrombo, mtu mzima anayejiheshimu. Amekubali kusimama kama baba mdogo, na barua ya posa ameshasaini yeye. Sio uongo kihivyo, damu yangu ni ya Rombo kweli. Ukienda bila mzee wa upande wa baba wanakuona umeokotwa.

Mpare wa Same: Hapo sasa utani naweka pembeni. Watamuuliza Rombo ipi, Mkuu, Mashati, Useri au Tarakea? Ukoo gani? Kihamba chenu, shamba la ukoo, kijiji gani? Soda haijaisha, mtu ameshapiga simu kijijini kuulizia.

Mjumbe Tandale: Chai hii, stori ya kutunga, msipoteze muda. Mwezi uliopita huyu huyu alianzisha uzi, yeye Mmakonde halisi anadai mikorosho Newala kwa mjomba wake. Leo Mrombo. Keshokutwa atakuwa Mhaya.

Dada Kimara: Nimeutafuta huo uzi, upo kweli. Jibu kijana.

Mtoto wa Rangi Tatu: Uzi ni wangu na kila neno ni kweli. Newala wananiita mtoto wa Mchaga. Kariakoo nikikataa kupunguza bei, Mchaga. Nikikaa na Wachaga wenyewe naitwa Mmakonde. Kila mtu ananipa kabila nisilolihitaji mbele yake. Mlitaka niandikeje?

Mjumbe Tandale: Bado chai.

Mama Shani: Chai au si chai, nitajibu, maana watoto wa hivi wamejaa mji huu. Mwanangu, kwa asili ya Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mzee wa kukusimamia unaye, tena wa halali! Mzima?

Mtoto wa Rangi Tatu: Mzima, yuko Newala. Lakini Wachaga wanataka ukoo wa baba. Na fundi nimeshampa laki na nusu, ameshajishonea suti.

Mama Shani: Suti ataivaa harusini, mualike. Mpigie mjomba usiku huu apande basi. Mkwe akiuliza, mjomba amweleze yote, la Rombo na la mahari pia.

Dada Kimara: Na binti anajua habari za huyu fundi?

Mtoto wa Rangi Tatu: Hajui.

Dada Kimara: Basi anza na yeye, kabla hujampigia mjomba.