Duka la dawa limenichomea mpunga halafu wananiambia eti ni jua

Jamani wakulima wenzangu, niko na hasira hata chai ya asubuhi imenishinda. Nina majaruba yangu huku Doho, Butaleja, Uganda, ekari moja na nusu, mpunga ulikuwa na wiki tatu tangu nipandikize, majani (magugu) yameanza kuukaba na funza wa shina nao washaingia. Nikaenda duka fulani la dawa pale Mbale, kijana akanipa propanili ya majani na klorpirifosi ya wadudu, nikamuuliza naanza na ipi, akasema mzee changanya tu kwa bomba moja utaokoa hela ya vibarua. Nikamwamini, si ndo yeye mwenye koti jeupe.

Siku ya tatu ncha zikawa njano, ya tano shamba ni kama limemwagiwa maji moto, rangi ya tumbaku. Isipokuwa jaruba moja la mwisho kando ya mfereji, pale klorpirifosi ilikuwa imeniishia nikapiga propanili peke yake. Hapo majani yamekufa na mpunga uko kijani! Bomba lile lile, siku ile ile. Sasa hilo jua liliruka jaruba moja?

Binamu yangu aliyesoma kilimo alinicheka kwanza (sijamsamehe). Kumbe propanili ingeua hata mpunga, ila mpunga una kimeng'enya chake kinachoivunja kabla haijaumiza, majani mengi hayana cha kutosha ndo maana yanakufa. Sasa hizi dawa za wadudu za jamii ya klorpirifosi, hata malathioni, hata karbarili, zinakifunga hicho kimeng'enya, mpunga unabaki hauna kinga unaungua pamoja na majani. Na si kwenye bomba tu, hata ukipiga moja leo na nyingine baada ya siku chache bado unaunguza, yeye anasema acha hata wiki mbili katikati. Kitu chenyewe kimeandikwa kwenye lebo, kwa herufi za sisimizi, kwa Kiingereza, na muuzaji hajawahi kuisoma!

Nimerudi dukani eti "weka mbolea ya yuria mzee, mpunga utarudi". Urudi kutoka wapi, shina lenyewe ukilivuta linatoka mkononi kama nyuzi?

Kesho nampelekea mche wa jaruba la mfereji na mche uliochomeka, naviweka juu ya kaunta yake mbele ya wateja. Kuna mwingine hapa kauziwa mchanganyiko huu msimu huu? Semeni twende pamoja.