Naomba ushauri: hadithi za misimu ya Ireland kwa watoto

Habari zenu wapendwa. Naishi Galway, magharibi mwa Ireland, na wanangu wawili, wa miaka 6 na 9. Mwaka huu nataka tufuate misimu ya kale ya Waselti, watu wa kale wa huku: Samhain kuanzia jioni ya 31 Oktoba, Imbolc 1 Februari, Bealtaine 1 Mei, Lughnasa 1 Agosti. Kila msimu hadithi moja, tusimuliane nje kabisa, upepo ukitupiga.

Imbolc nimeipenda kupita zote. Husimuliwa kwamba bibi kizee Cailleach, mleta baridi, siku hiyo hutoka kuokota kuni. Jua likiwaka, ujue anajaza akiba, baridi bado ipo sana. Basi tutatazama anga, kisha tukate nyasi ndefu za kinamasini tusuke msalaba wa Brigid, mtakatifu wa Ireland.

Kinachonikwamisha ni Samhain. Giza huingia mapema, na hadithi zake ni za wafu na milango ya ulimwengu wa pili kufunguka. Mwanangu mdogo mchana haogopi, usiku halali. Niipunguze makali au nisubiri akue? Na nikianza na "Paukwa!" wakajibu "Pakawa!", nitakuwa nimewachanganya? Mliowahi kuwasimulia watoto hadithi za kutisha, nisaidieni tafadhali.