Yule fundi wa galari za harusi amwombe mama wa watu radhi, simu haina kosa!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Yule fundi wa "galari yako mtandaoni", simtaji na hakuna haja, mnamjua nyote, maana nusu ya kamati za harusi za mji huu zimeshapita mikononi mwake. Leo katupia linki ya galari ya picha za harusi kwenye kundi la kamati. Mama wa bibi harusi kafungua, kauliza kwa upole: "Mwanangu, mbona binti yangu ana rangi ya majivu?" Bwana mkubwa akajibu: "Mama, badilisha simu."

MAMA, BADILISHA SIMU! Mbele ya kamati nzima, tena salio la kazi yake kashalipwa lote.

Simu haina kosa hata chembe. Picha kazihariri kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, kazitoa kwa ProPhoto RGB (mfumo mpana wa rangi, wa kuhariria) badala ya sRGB (mfumo wa kawaida wa mtandaoni), halafu kazipitisha kwenye kale kaprogramu ka kupunguza uzito wa faili. Kale kanang'oa metadata yote, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, na profaili ya rangi, inayosema rangi zisomwe kwa mfumo upi, inaondoka nayo. Kivinjari kikikutana na JPEG isiyo na profaili kinaihesabu kuwa ni sRGB. Rangi zinapauka, ngozi inapoteza wekundu wake, bibi harusi anabaki kijivu kama hajala wiki mbili. Kwenye kompyuta yake zinaonekana safi kwa sababu anaziangalia ndani ya Lightroom. Aifungue hiyo linki kwenye kivinjari aone mwenyewe!

Tiba yake haizidi dakika moja. Kwenye dirisha la Export la Lightroom, pale pa kutoa picha, Color Space weka sRGB, Quality 80. Image Sizing chagua Long Edge, yaani upande mrefu, pikseli 2048. Output Sharpening weka Screen. Ile Resolution iwe 72 au 300, kwenye skrini haibadilishi kitu, asiwababaishe watu. Hayo tu. Yeye kaona rahisi zaidi kumwambia mama wa watu abadilishe simu.

Na vile vijipicha vya ukurasa wa kwanza si vijipicha! Ni picha kamili za pikseli 6000 kwa 4000, kazibana kwa CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa, zionekane ndogo. Faili moja MB 9, picha 350. Pigeni hesabu: zaidi ya GB 3 kabla mtu hajabofya picha hata moja. Bando la mama limekata bibi harusi bado yuko saluni! Kijipicha cha pikseli 400 ni KB 40 au 50. Vyote 350 havifiki MB 20, na ukiweka loading="lazy" kwenye msimbo wa picha, kivinjari kinavuta vile tu vinavyokaribia kuonekana. Halafu mtu kama huyo anapata wapi ujasiri wa kusema "Mama, badilisha simu"?

Kamba_ya_Tripodi: Pole mkuu. Ila mtu kamvunjia heshima mama wa watu, na wewe badala ya kumjibu kulekule kundini umekuja kutusomesha Long Edge. Kwenye kundi ulikaa kimya?

Fundi Kivuli: Makosa yake hujayamaliza. Kwenye galari zake kuna picha hazifunguki kabisa, unaona kialama cha picha iliyovunjika. Kamera imeandika IMG_0412.JPG, yeye kwenye ukurasa kaandika img_0412.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwake inafunguka. Seva nyingi ni Linux, na Linux inajali, inakurudishia 404, yaani faili halipo. Badilisha majina yote yawe herufi ndogo, bila nafasi, KABLA ya kutengeneza galari.

Dada Lenzi: Afadhali hao wa rangi. Mimi kero yangu ni watamaki, lile jina linalobandikwa juu ya picha. Jina la studio limepita juu ya shavu la bibi harusi kama muhuri wa forodha! Lightroom ina Watermark Editor: Opacity 30 inatosha, Size weka Proportional, Anchor pembe ya chini kulia, sogeza kidogo kwa Inset. Na wanaozima kubofya kulia eti kuzuia wizi wanajichosha. Picha ikishaonekana kwenye skrini ya mtu, faili limeshafika kwake.

Mzee wa Kijani: Mnalipia Lightroom kila mwezi kwa ajili ya nini? Darktable, nayo ya kuhariri picha, ni bure na inatoa galari ya tovuti palepale unapotoa picha. digiKam, ya kupanga picha, ni bure na ina HTML Gallery, ya kutengeneza galari ya tovuti. Mambo ya kodi ya mwezi ni ya nyumba.

Kamba_ya_Tripodi: Wameshafika watu wa bure. Kila uzi lazima waje.

Mzee wa Kijani: Jibu hoja.

Mleta uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. Kamwambia mama BADILISHA SIMU. Mtu mzima yule!

Fundi Kivuli: Tumesikia mkuu. Ila hata Lightroom Classic yenyewe ina moduli ya Web: chagua Grid au Square Gallery, jaza kichwa cha habari, bonyeza Export, inakupa folda yenye index.html, ukurasa wa kwanza wa galari, pamoja na picha zake. Wengi wanapakia index.html peke yake halafu wanashangaa ukurasa mtupu. Pakia folda NZIMA.

Nuru_Hafifu: Kero kubwa ni nywila. Fundi anakwambia galari ina siri, kumbe nywila kaiandika ndani ya JavaScript, msimbo unaofika kwa kila anayefungua ukurasa. Fungua chanzo cha ukurasa, unaisoma. Nywila iwekwe upande wa seva. Na picha za simu mara nyingi zina GPS, yaani alama ya mahali zilipopigwa, kwa hiyo ukitoa weka tiki Remove Location Info, la sivyo nyumba ya watu inajulikana ilipo.

Dada Lenzi: Hilo la GPS lilistahili uzi wake.

Mleta uzi: Na je, kuomba radhi ataomba lini?

Pita Njia: Samahani wakuu, kwenye Photoshop nibonyeze Assign Profile au Convert to Profile?

Fundi Kivuli: Convert. Assign inabandika jina jipya kwenye namba zilezile, rangi zinaharibika papo hapo. Convert inabadilisha namba ili rangi ibaki ilivyo.

Pita Njia: Shukrani. Na hiyo digiKam ipo ya Windows?

Mzee wa Kijani: Ipo, na ya macOS pia. Chagua albamu, nenda menyu ya Tools, chagua galari ya HTML, itakuuliza mwonekano na ukubwa wa picha na wa vijipicha.

Kamba_ya_Tripodi: Na ikikwama usije kufungua uzi hapa.

Mzee wa Kijani: Afungue, tupo.