Mrejesho: ile beji ya kofia niliyotaka kununua Malindi

Jamani nimerudi, mimi ndo yule niliuliza kama ile beji ya kofia ya askari wa Mwingereza ni orijino au feki. Basi jana nikarudi dukani na lenzi, nikaigeuza nyuma kama mlivyonambia, loo, nyuma bapa tupu na vitundu vidogo vidogo kama ya kusubu (yaani madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu), ndo feki nyingi zilivyo, na orijino ya kugongwa kwa mashine mara nyingi nyuma huonyesha mchoro umebonyea. Halafu taji! Muuzaji ashaniapia ni ya Vita vya Kwanza, kumbe taji ni la Malkia Elizabeth, naye alitawala kuanzia 1952. Nikamwambia "ami, hapa mbona hesabu haiji?" akacheka, akashusha bei nusu 😂 Sikununua.