Vikinga vya mwili kwa mpanda pikipiki wa Pwani: ni vipi vinavalika kutwa kwenye joto?

MkaziWaKibaha aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninaishi Kibaha na kazi yangu iko Dar es Salaam, kwa hiyo siku tano za wiki ninaendesha pikipiki ya cc 150 kiasi cha kilomita 40 asubuhi na nyingine kama hizo jioni, na mara mojamoja kazi hunipeleka hadi Morogoro. Mwaka jana niliteleza kwenye mchanga uliomwagwa na lori. Nilikuwa nimevaa vile vikinga vya plastiki ngumu vinavyofungwa juu ya nguo kwa mikanda ya lastiki, na kabla sijamaliza kuburuzika, kikinga cha kiwiko kilikuwa kimezunguka hadi upande wa ndani wa mkono, nikachunika kiwiko kilekile nilichodhani nimekilinda.

Baada ya hapo nilinunua ngao ya mtumba ya wale wanaoshindana kwenye vumbi, yenye mabamba ya kifua, mabega na mgongo. Niliivaa wiki mbili. Kwenye foleni ya Kimara ilinipika, mabega yake yalinizuia kugeuza shingo kutazama nyuma, na sasa inaning'inia mlangoni kama pambo. Ninafikiria mambo matatu: jaketi la kitambaa cha matundu lenye vikinga ndani, shati la kubana lenye vikinga ambalo ningelivaa chini ya jaketi langu la kawaida, au jaketi la ngozi. Kwa hali yetu ya joto na unyevunyevu, mngechagua lipi, na mngetazama nini kabla ya kutoa fedha?

MsafiriWaChalinze alijibu:

Pole sana, ndugu. Vile vya mikanda ndivyo vilivyo: lastiki hulegea kwa jasho, na plastiki iliyokaa juu ya mkono wa nguo haina cha kuizuia isizunguke kiwiko kinapokokotwa kwenye lami. Kikinga kilichohama kutoka kwenye kiungo chake hakikusaidii kitu, na ngao inayoning'inia mlangoni ni hivyohivyo, ndiyo maana sioni kosa lolote kuanza na suala la starehe.

Dukani, usiishie kutazama jaketi kwa nje. Fungua mfuko wa ndani wa kiwiko, toa kikinga, usome maandishi yaliyochorwa juu yake. Vikinga vya viungo hupimwa kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1621-1, vya mgongo EN 1621-2, na vya kifua EN 1621-3. Alama ya CE, ile ya bidhaa kutimiza masharti ya Ulaya, peke yake isikuridhishe. Tafuta namba hiyo pamoja na mchoro mdogo wa mpanda pikipiki, herufi ya kiungo (S ni bega, E kiwiko, K goti, H nyonga, B mgongo) na tarakimu 1 au 2. Katika kipimo chenyewe, chuma cha kilo 5 huangushwa juu ya kikinga kwa nishati ya juli 50, kisha hupimwa nguvu inayopenya hadi upande wa pili. Kwa kiwiko na bega, daraja la 1 huruhusu wastani usiozidi kilonyutoni 35, na daraja la 2 usiozidi 20. Kwa mgongo masharti ni makali zaidi, yaani 18 na 9. Ukiona pia alama ya T+, ujue kikinga hicho kimepimwa kikiwa na joto la nyuzi 40, na kwa mtu wa Pwani alama hiyo ina maana kuliko ile ya T- ya baridi.

Nguo yenyewe ina kiwango chake, EN 17092, chenye madaraja AAA (lililo imara zaidi), AA, A, B na C. Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu shati la vikinga. Mashati mengi ya namna hiyo ni daraja C, maana yake yanashikilia vikinga mahali pake lakini hayadai kuzuia ngozi isichunike. Ukilivaa chini ya jaketi la kawaida la pamba, mfupa utakuwa na kinga lakini lami italitafuna jaketi hilo mara moja. Ngozi nzuri ndiyo inayostahimili kuburuzwa kuliko vyote, ila kwa foleni zako sikushauri, kwa sababu utaanza kuiacha nyumbani kama ulivyoiacha ngao. Mimi ningetafuta jaketi la matundu la daraja AA, au A ikiwa AA halipatikani, lenye vikinga vya daraja la 2 mabegani na viwikoni, kisha ningeongeza kikinga cha mgongo cha daraja la 2, kwa maana majaketi mengi huuzwa yakiwa na sponji tupu kwenye mfuko wa mgongo.

FundiCherehaniDodoma alijibu:

Ninashona na kurekebisha nguo za wapanda pikipiki, kwa hiyo nitazungumzia jambo ambalo lebo haisemi. Jaketi huvaliwa mtu akiwa amekaa, lakini karibu kila mteja hulijaribu akiwa amesimama mbele ya kioo. Kaa juu ya pikipiki, shika usukani, kunja viwiko kama unavyoendesha. Kikinga cha kiwiko kifunike ncha ya kiwiko na kuteremka kidogo kwenye mkono wa mbele, kwa sababu ukianguka ndipo unapotua. Halafu mwombe mtu ashike kikinga kwa vidole akizungushe. Kikisogea hadi ncha ya kiwiko ikaonekana, jaketi ni kubwa, hata kama mabega yamekukaa vizuri. Watu wetu hupenda kununua namba kubwa ili hewa ipite, na hilo linaharibu kila kitu. Hewa ipitishwe na matundu ya kitambaa, nayo mikanda midogo ya mkono wa juu na wa chini ikazwe.

Kuhusu ulaini, vikinga vya kisasa vya povu hulegea kwa joto la mwili na kujikunja kufuata kiungo, kisha hukaza vinapogongwa ghafla. Ukivigusa dukani kwenye kiyoyozi vinaweza kuonekana vigumu. Viache dakika kumi mwilini kabla ya kuvihukumu. Chini yake usivae fulana nzito ya pamba, kwani hunyonya jasho na kubaki imelowa. Fulana nyembamba ya michezo hukauka upepo unapopita. Ukifua jaketi toa vikinga kwanza, na usiviache juani juu ya siti ya pikipiki kutwa nzima.

Mtumba siukatai, na mimi mwenyewe huuza. Lakini kwenye mtumba nunua kitambaa na mishono, usinunue povu. Likimeguka ukilikunja au likiacha alama ya kidole isiyorudi, litupe ununue jipya. Hakikisha tu kwamba umbo la kipya linaingia kwenye mfuko wa zamani bila kucheza. La sivyo niletee niupunguze mfuko.

TibaYaViungo alijibu:

Ninakubaliana na fundi kwa kila neno, ila nina shaka na mpangilio wa matumizi aliotoa MsafiriWaChalinze. Kikinga cha mgongo ni kizuri kwa pigo la moja kwa moja, kwa mfano mtu akiangukia ukingo wa barabara au jiwe. Hata hivyo, majeraha mengi ya uti wa mgongo kwa wapanda pikipiki hutokana na mwili kupindwa, kukunjwa au kushindiliwa, na hapo bamba la mgongoni halina mengi ya kufanya. Wagonjwa ninaowaona mimi wengi wana mitulinga iliyovunjika, vifundo vya mikono, magoti na miundi. Ndugu yetu hakutaja suruali hata mara moja! Kama fedha ni za kupimia, ningeanza na mabega na viwiko ndani ya jaketi, magoti ndani ya suruali, glavu zenye kinga ya kiganja na viatu vinavyopita kifundo cha mguu, halafu mgongo ufuate.

MsafiriWaChalinze alijibu:

Hoja ya suruali naikubali bila ubishi. Kuhusu mgongo sibadili msimamo wangu wote, kwa sababu kikinga cha kuingiza mfukoni si ghali ukilinganisha na jaketi, na barabara yetu ina kingo za zege na mawe pembezoni. Lakini ni kweli kwamba mtu asidhani amenunua uti wa mgongo wa pili.

MkaziWaKibaha alijibu:

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilikwenda kwenye maduka nikafanya kama fundi alivyosema, ingawa muuzaji alinishangaa nilipoomba kuingia na jaketi hadi kwenye pikipiki yangu nje. Jaketi la kwanza nililolipenda lilikuwa na alama ya CE tu na povu lisilo na namba, nikaliacha. La pili ni la matundu, daraja A, lina daraja la 2 viwikoni lakini daraja la 1 mabegani, na mgongoni kweli kulikuwa na sponji. Nimelinunua, na suruali nitaichukua mwisho wa mwezi kabla ya kikinga cha mgongo. Nimeendesha nalo siku tatu: nikiwa kwenye mwendo silihisi, na kwenye foleni ni joto la kuvumilika, si lile la ngao.

Kuna jambo moja limebaki. Nikikunja mkono wa kushoto, kikinga cha kiwiko hupanda kiasi cha vidole viwili kuelekea begani, ilhali wa kulia unakaa sawa. Mkanda nimeukaza hadi mwisho. Fundi, je, hilo ni la kupunguza mfuko, au ni la kushusha mshono wote wa mkono?

FundiCherehaniDodoma alijibu:

Ni mfuko. Kwenye mikono mingi mfuko hufungwa chini kwa velkro fupi, na ikishonwa juu kuliko inavyotakiwa, kikinga hupanda. Geuza mkono nje ndani, upime kutoka mshono wa kikomo cha mkono hadi ukingo wa chini wa mfuko, kulia na kushoto, kisha uniandikie tofauti yake. Ikiwa haizidi sentimita tatu, fundi yeyote wa Kibaha mwenye sindano ya ngozi atakumalizia, mradi asitoboe kitambaa cha nje.