Waliopandikiza mimba kwa mayai ya kuchangiwa (ya mwanamke mwingine) yaliyogandishwa, tupeane uzoefu

MamaSubira: Wakuu, jana kwenye daladala dada mmoja anamwambia mwenzake mayai ya kuchangiwa "ni uhakika, unabeba tu". Nikacheka peke yangu kama chizi. Mimi nilifanyia Nairobi. Mayai ya binti wa miaka 20 na kitu. Nikaambiwa 43 yangu isinitishe, yai linafuata umri wa aliyelitoa. Sawa. Ila siku ya kuyayeyusha hakuna aliyeniandaa. Maabara wakapiga: mengine hayakuamka. Yaliyopona wakayachoma sindano, kila yai na mbegu yake, maana yai likishagandishwa ganda lake huwa gumu, mbegu inaweza kushindwa kupenya yenyewe. Kisha kila simu idadi inashuka. Ikiita natoka ofisini nasimama pembeni ya jenereta nisisikike nikilia. Siku ya tano kikabaki kiinitete kimoja, yaani yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua.

KisuButu: Simu za maabara! Mpaka leo namba ngeni ikiita tumbo linanikata.

MzeeWaUbungo: Mnaangalia mayai tu. Sisi mayai yalikuwa safi, mbegu zangu ndo majanga. Wanaume, acheni sigara.

BintiTanga: Na mji wa mimba je? Ukuta wangu uligoma kufika milimita 7, daktari akaahirisha. Uzuri yaliyogandishwa yanakungoja. Wenye mirija ya uzazi iliyojaa maji, itibuni kwanza, yale maji yanavujia humo humo kwenye mji.

Ustadh_K: Kwetu Masuni, wanazuoni wengi wamekataza yai la mwanamke mwingine. Na hilo mliseme.

KisuButu: Ustadh, mada ni uzoefu. Unao?

Ustadh_K: Ninao wa kuulizwa kila wiki.

Shosti77: Msigombane. Mimi mama mkwe alikuta karatasi za hospitali za yai la kuchangiwa chini ya godoro, mimba ya miezi saba. Akaitisha kikao cha ukoo!

MzeeWaUbungo: Weee! Endelea.

DadaMkubwa: Ukishapandikizwa, lala siku tatu miguu juu, na nanasi kwa wingi.

BintiTanga: Kulala hakusaidii kitu, mimi niliambiwa nirudi kazini. Na nanasi kwetu wanasema ndo linalotoa mimba, tushike lipi?

KisuButu: Achaneni na nanasi. Shosti, kikao!

Shosti77: Samahani, nilikuwa namnyonyesha mtoto. Basi, babu mkubwa akauliza, "Mimba iko tumboni mwa nani?" Wakamwambia mwa huyu. "Sasa mmeniitia nini? Leteni chai."

MzeeWaUbungo: 😂😂 Babu apewe soda.

MamaSubira: Hongera Shosti. Ila wenye mimba hizi msizembee presha, kifafa cha mimba kinatuandama zaidi kuliko waliobeba kwa mayai yao. Mimi ilinipanda mwishoni, nikapasuliwa mapema. Kale kamoja sasa kanavunja vikombe.

Mgeni_Dodoma: Samahani wakuu, nimechelewa. Nina uvimbe, upo kwa ndani kwenye mji. Nitoe kwanza au nipandikize?

BintiTanga: Wa kwa ndani toa kwanza, mdogo wangu. Njoo inbox.